Kutu ya Kifuani mwa Fundi Cheche

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na sijapata kuona mtu anayejua kunichosha kama yeye. Watu wanamwita Cheche. Jina hilo hakupewa na wazazi wetu; alilipata karakanani kwa zile cheche zinazoruka anapofanya kazi, na kwa sababu yeye mwenyewe ukimgusa kidogo tu anaruka. Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kibaruani, na mimi, dada mkubwa, ndiye niliyembeba mgongoni, nikamlisha, nikamfundisha kufunga vifungo vya shati. Kwa hiyo nikimsema, namsema kwa haki.

Shule tulipelekwa wote wawili, ila ni mmoja tu aliyefika. Mimi nilimaliza shule ya msingi, na mpaka leo mwandiko wangu haujanitupa. Yeye alikuwa akitoka nyumbani na daftari, halafu anaishia kwenye ua wa fundi mmoja mzee, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kutwa nzima akitazama wanavyounga chuma. Baba alimchapa mpaka mkono ukachoka. Mwishowe alimpeleka mwenyewe kwa yule mzee akamwambia, huyu mtoto mchukue kabisa, maana nyumbani anakuja kulala tu.

Na hapo nisiwe mchoyo wa maneno: kazi anaijua. Mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma, stendi za matangi ya maji, vyote vimepita mikononi mwake, na geti la Cheche hata mtoto analifunga kwa kidole kimoja. Sasa ana nywele nyeupe. Mikono imejaa makovu madogo madogo, na hana shati hata moja lisilo na matundu kifuani. Mimi mshona nguo naona aibu mtu akijua kwamba yule ni ndugu yangu. Nimeyatia viraka mashati yale mpaka viraka vimekuwa vingi kuliko shati.

Lazima nieleze jambo moja la mafundi hawa, maana bila hilo upumbavu uliofuata hautaeleweka. Fundi akichomelea bomba lililopakwa zinki, lile la kung'aa la maji, linatoa moshi mweupe mzito. Akiuvuta sana, jioni anashikwa na homa: anatetemeka, kifua kinabana, mdomoni anasikia ladha kama amelamba sarafu. Asubuhi ni mzima kabisa, anachukua nyundo yake anakwenda zake. Wenyewe wanaiita homa ya moshi na hakuna hata mmoja anayeiogopa. Dawa yao ni maziwa. Wanaamini maziwa yanasafisha moshi kifuani. Sijui yanafikaje huko, maana nijuavyo mimi yanakwenda tumboni kama chakula kingine, lakini hebu mwambie Cheche hivyo uone. Wifi yangu, mkewe, amechemsha maziwa katika ndoa yake mpaka sufuria imebadilika rangi.

Ndiyo maana homa yenyewe ilipokuja hakuna aliyeshtuka.

Alikuwa amepata kazi ya kuunga mabomba ya zinki kwa ajili ya stendi ya tangi la shule. Siku hiyo alirudi mapema, anatetemeka mpaka meno yanagongana, akasema ni moshi tu, akaomba maziwa yake, akajifunika. Kesho yake homa haikwenda kokote. Akasema mabomba yalikuwa mengi, kwa hiyo na moshi ni mwingi, utachukua muda kutoka. Kikaja kikohozi, na kila akikohoa anashika ubavu wa kulia kama mtu aliyechomwa kisu. Wifi akamwambia waende hospitali. Akamjibu kwamba hospitali hawajui mambo ya moshi.

Halafu likaja lile lililonitoa mimi kwenye cherehani yangu. Alikohoa akatema kwenye kopo, na makohozi yalikuwa na rangi ya kutu, rangi ile ile ya geti kuukuu lililonyeshewa miaka. Mtu mwingine yeyote angetafuta viatu vyake aende kwa daktari. Mdogo wangu alifurahi. Wiki iliyotangulia alikuwa amekwangua mageti ya zamani kwa grainda, ile mashine ya kusaga na kukata chuma, vumbi la kutu likatanda karakana nzima, kwa hiyo kwake yeye mambo yalikuwa wazi: kutu iliingia, sasa maziwa yanaisukuma nje. Akamwita mkewe aje kutazama. Akamwambia, unaona, na ulikuwa unalalamika kwamba maziwa yanaisha.

Wifi hakubishana naye. Alitoka uani akanipigia simu.

"Wifi, njoo umwone ndugu yako," akaniambia. "Anatema kutu na anafurahi."

Nilimkuta amelalia ubavu mmoja, pua zinatanuka, anavuta pumzi fupi fupi kama mtu aliyekimbizwa, midomo imekuwa rangi ya jivu. Nikamuuliza kama ananijua. Akasema mimi ni yule mama wa geti la kijani, na geti langu litakuwa tayari Jumamosi. Nilitoka nje nikamsimamisha jirani yao mwenye pikapu ya kubebea mchanga, nikamwambia amwage mchanga wake pale pale barabarani, lawama zote nitabeba mimi. Tukamlaza mgonjwa kwenye godoro huko nyuma, mimi na wifi tumemshika huku na huku, naye njia nzima analalamika kwamba tunamchelewesha kazini.

Hospitali wakamwekea oksijeni puani, wakampiga picha ya kifua, wakamtundikia dripu ya dawa. Daktari alikuwa binti wa umri wa mjukuu wangu, mwenye sauti ya chini, asiye na maneno mengi. Akili zilipomrudia, kitu cha kwanza alichofanya mdogo wangu ni kumfundisha daktari kazi. Amelala pale na mipira puani anamweleza habari za moshi, na habari za grainda, na jinsi kutu inavyotoka vizuri ukiipa muda.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba," akasema, "kutu haitoki kifuani. Ile ni damu."

Cheche akanyamaza. Ni jambo la nadra, kwa hiyo nilimtazama vizuri.

Baadaye yule binti alituita mimi na wifi pembeni. Akasema hii ni nimonia, na aliyeileta ni bakteria ambaye watu wengi wanaishi naye puani na kooni bila kujua, hasa watoto wadogo. Akipata upenyo ndipo anashuka mapafuni. Akizidi anaingia kwenye damu, na wengine anawapanda mpaka kwenye utando wa ubongo. Anawaonea zaidi watoto wachanga na wazee, na pamoja nao mafundi wa kuchomelea, kwa sababu moshi wa chuma unayaacha mapafu yakiwa mahali ambapo bakteria yule anajishikiza kwa urahisi. Homa ya moshi inaisha kesho yake; homa isiyoisha si ya moshi tena. Kipande kikubwa cha pafu la kulia kilikuwa kimejaa kama sifongo iliyoloa.

Akasema pia kwamba chanjo ipo. Watoto wachanga wanaipata kliniki pamoja na zile nyingine. Watu wazima wengi hawana habari nayo, lakini fundi kama huyu anaihitaji, akishapona. Hakutudanganya: haizuii kila nimonia duniani. Ila inazuia aina nyingi za bakteria yule, na hasa inapunguza ule ugonjwa mkali unaoua. Mlangoni akanishika mkono.

"Akirudi kwenye moshi bila chanjo, mama, ikimpata mara ya pili sijui kama mtawahi kumfikisha hapa."

Maneno hayo ndiyo niliyotoka nayo. Wifi alilia. Mimi nilianza kukasirika, na sikuacha.

Maana alipona. Alitoka hospitali amekonda, suruali anaishikilia kwa mkono, nyumba nzima inamnyenyekea. Siku alipoanza kukosoa namna jirani alivyoegesha pikapu, tukajua amerudi. Daktari alikuwa amewasiliana na kituo cha afya cha karibu nao, wakaagiza chanjo, maana ya watu wazima hawakuwa nayo. Muuguzi wa pale akampigia simu kwamba imefika, imo kwenye friji, aje wakati wowote. Akaitikia vizuri tu, kwa adabu zote. Hakwenda.

Kwanza alikuwa na geti la kumaliza. Halafu akasema ile ni chanjo ya watoto, na yeye hawezi kupanga foleni na kina mama wenye vichanga wakati wateja wake wanapita pale. Halafu akagundua kwamba ameshaugua, kwa hiyo mwili umeshamjua mdudu. Hilo nilimuuliza daktari kwa simu, akasema bakteria yule ana aina nyingi sana, kuugua kwa aina moja hakumkingi mtu na nyingine. Nikampelekea jibu. Akasema basi, atavaa barakoa. Barakoa aliinunua kweli, ile nzuri ya mafundi. Nilipopita karakanani niliikuta imening'inia kwenye msumari, ndani kahifadhi skrubu.

Wifi naye akajaribu njia yake. Alificha ufunguo wa karakana chini ya mchele, akamwambia utaonekana siku ya kutoka kliniki. Mumewe akaazima grainda kwa fundi wa jirani, akakata kufuli lake mwenyewe, akaingia kazini, na jioni akarudi kudai kufuli jipya kana kwamba sisi ndio tuliolikata.

Nikasema nijaribu lugha yake. Kila fundi wa vyuma anagombana na wateja juu ya ile rangi nyekundu ya chini, ya kuzuia kutu. Mteja anasema geti ni jipya, halina kutu, pitisha rangi ya juu tu basi. Nimemsikia Cheche akifoka kwa ajili hiyo mara zisizo na idadi, kwamba unapaka kabla kutu haijaingia, ikishaingia unapaka nini. Basi nikaenda, nikakaa, nikamwambia taratibu kwamba sindano hii ndiyo rangi nyekundu ya chini. Nilijiona nimempata. Alinitazama, akafikiri kweli kweli.

"Dada," akasema, "mimi si geti."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Ndipo muuguzi akanipigia mimi. Akasema zilikuja chanjo mbili kwenye boksi, ya Cheche na moja ya akiba, na Ijumaa gari la bohari ya dawa linapita kuchukua kila kisichotumika. Zikirudi, hajui zitaagizwa tena lini. Nikamuuliza wifi mumewe yuko wapi. Akasema yuko karakanani, leo anaanza kazi kubwa kuliko zote, ua mzima wa mabomba ya zinki.

Sikumaliza hata pindo nililokuwa nashona. Nilichukua kigoda changu cha cherehani nikaenda nacho mpaka karakanani, nikakiweka mbele ya meza yake ya kazi, nikakaa.

Ule mwanga wa kuchomelea unaunguza macho. Alipokuwa bado anajifunza kazi, yule fundi mzee aliwasha siku moja bila kumwonya, na Cheche alirudi nyumbani macho yanamchoma kana kwamba yamejazwa mchanga, mimi ndiye niliyemwekea kitambaa cha maji baridi. Tangu siku ile hajawahi kuwasha bila kusema "macho" kwanza, na kungoja mpaka kila mtu ageuke. Anamngoja mtoto, anamngoja mlevi. Nimemwona akimngoja mbuzi. Ndilo jambo pekee asilolifanyia mzaha, na mimi nalijua kama ninavyomjua yeye.

Alikuwapo pia mama mmoja mwenye mgahawa, amekuja kungojea grili ya jiko lake. Cheche akanisalimia, akashusha ngao yake usoni, akasema, "Macho." Mama wa mgahawa akageuka. Mimi nikatoa macho, nikayakaza pale pale kwenye ncha ya kijiti chake cha kuchomelea.

Akainua ngao. "Dada, geuka."

"Sigeuki."

"Utaungua macho."

"Na wewe utaungua mapafu. Twende ukadungwe, au washa."

Akalihamishia bomba upande wa pili wa meza. Nikahamisha kigoda. Akatundika turubai. Nikalifunua. Akajitia hamnazo, akachukua brashi ya waya akasugua chuma ambacho tayari kilikuwa kinang'aa, akitumaini nitachoka. Mtu aliyeketi kwenye cherehani maisha yake yote hachoki kukaa. Mama wa mgahawa akamwambia, fundi, mpeleke tu huyu bibi anakotaka kwenda, sisi wengine tuna wateja wenye njaa.

Mwishowe aliweka ngao chini, akakaa juu ya lile rundo la mabomba. Ukaidi ulikuwa umemtoka usoni, na aliyebaki pale alikuwa mzee mwenye shati lenye matundu.

Akaniuliza daktari aliniambia nini siku ile mlangoni, maana aliniona nikirudi kitandani kwake nimebadilika. Nikamwambia, neno kwa neno. Akasema, bila kunitazama, kwamba alijua, na ndiyo sababu haendi. Mtu akidungwa kwa ajili ya moshi, amekubali kwamba moshi umemshinda, na akishakubali hivyo kitakachofuata ni kumwambia aache kazi, auze mashine. Yeye hana kazi nyingine. Tangu utotoni hakujifunza kitu kingine chochote.

Nilitaka kumzaba kofi. Wiki zote hizo, mbio zote hizo, kufuli zima limekatwa, kumbe anakimbia jambo ambalo hakuna aliyelisema.

"Nani kakwambia uache kazi?" nikamwambia. "Unadungwa ili urudi kazini, we mtu. Wasiodungwa ndio wanaoacha kazi, na hawaiachi kwa kupenda."

Akauliza kama daktari alisema hivyo. Nikasema daktari alisema chanjo, na barakoa bila skrubu, na kuchomelea penye upepo, na homa ikizidi siku moja aje mbio. Kuuza mashine hakusema. Akasimama, akamwambia mama wa mgahawa arudi alasiri.

Kituo cha afya kilijaa kina mama na vichanga vyao, kama alivyoogopa, na hakuna hata mmoja aliyemcheka. Zamu yetu ikafika. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, akamketisha, akatoa boksi kwenye friji. Cheche akakunja mkono wa shati wa kushoto, uliojaa viraka vyangu. Halafu yule muuguzi akanigeukia, akaniuliza umri wangu. Nikautaja, sina sababu ya kuuficha. Akasema basi ile ya akiba ni yangu, kwa umri huo ninaihitaji kama ndugu yangu.

Nikamwambia nimemleta mgonjwa, sikuletwa. Mimi ni mzima, sijawahi kulazwa hata siku moja, mapafu yangu hayajui moshi wa chuma.

Mdogo wangu akaushusha mkono wa shati lake. Akafunga na kifungo.

"Dada kwanza," akasema.

"Usinichoshe. Kunja shati."

"Mkubwa ndiye anayetangulia. Na mimi nilikuwa mzima, wiki ile kabla ya kopo."

Muuguzi anangoja, sindano iko tayari, foleni nyuma yetu imetega masikio yote. Nikamtazama yule mtu niliyembeba mgongoni, amekaa pale amekunja mikono kifuani, yuko radhi kungoja mpaka gari la bohari lije. Nikakunja mkono wa gauni langu. Nikadungwa, wala sikukunja uso. Ndipo naye akafungua kifungo, akadungwa, akafumba macho kama mtoto.

Muuguzi akatuambia tukae nje kwenye benchi la chuma kwa muda, aone kama hatudhuriki. Kina mama wakatusogezea nafasi. Mkono ulikuwa umeanza kuniuma, na sikutaka ajue. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani anatafakari maisha yake. Kumbe anapapasa chini ya benchi kwa vidole. Akainama akachungulia. Akamwomba mama mmoja asimame kidogo na mtoto wake, kisha na wa pili, kisha na mimi, akalipindua benchi miguu juu mbele ya watu wote, akagonga viungo kimoja kimoja kwa ufunguo wake, akisikiliza. Akatangaza kwamba aliyechomelea hili alikuwa na haraka, limeshika kwa nje tu, na siku moja litamwangusha mtu na kichanga chake. Akamwita muuguzi atoke aje kuona. Akamwambia atalichukua leo leo akaliunge upya.

Muuguzi akasema leo apumzishe mkono.

Akajibu kwamba mkono uliochomwa ni wa kushoto, na nyundo anashika kwa kulia. Akaendelea kugonga, na mimi nikabaki nimesimama pale pamoja na kina mama, sote hatuna pa kukaa, tukimngoja amalize.